Kizazi Kilichojenga Kuta

Kizazi cha Isike wa Unyanyembe, Mkwawa wa Uhehe na Sina wa Kibosho hakikuwa kizazi cha wajinga. Naanza na neno hilo kwa sababu linaniuma ninapowasikia vijana wetu, hata waliosoma sana, wakisimulia namna wazee wale walivyojifungia ndani ya ngome huku mizinga ya Wajerumani ikiwajia. Husimulia kwa huruma. Lakini ndani ya huruma hiyo mna hukumu: kwamba wale walikuwa watu wa kale waliotumainia udongo na mawe mbele ya chuma, na kwamba mwenye akili angejua mapema. Mimi nimezaliwa Tabora miaka ya 1940. Watu wa rika langu ndio wa mwisho kulelewa na wazee waliokuwa watoto wachanga ngome ya Isike ilipoanguka. Tukishaondoka, hatabaki wa kuwatetea aliyewahi kula nao sahani moja.

Tuanze na vita walivyovijua wao. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835, na katika miaka iliyofuata makundi yao yalipanda mpaka Ufipa na kupita. Pembe za ndovu nazo zikaleta misafara, misafara ikaleta magobori. Kijana wa Unyamwezi aliyezaliwa mwaka 1850 alikua akijua kwamba adui huja alfajiri, huja na wenzake wengi, huchoma nyumba za nyasi, huchukua ng'ombe na watu, kisha hutoweka kabla jua halijawa kali. Kizazi hicho kilijibu kwa kujenga. Walipanda minyaa ikashonana mpaka mbuzi asipite. Nyuma ya minyaa wakasimika magogo, wakayakandika udongo, mahali pengine wakachimba na handaki. Waliokaa kwenye tembe, lenye paa la miti lililofunikwa udongo, hawakuogopa mwenge wa mvamizi kama aliyekaa chini ya nyasi.

Na kuta hizo zilifanya kazi. Gobori lilishindiliwa kwa mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha risasi, au kokoto na vyuma chakavu pale risasi ilipokosekana. Baada ya mlio mmoja mpigaji alikuwa na kazi ndefu kabla ya kupiga tena, na ukimtenga na shabaha yake kwa hatua mia moja na ushei, hakuwa na uhakika wa kumpata mtu. Udongo uliokauka vizuri humeza risasi ya namna hiyo. Aliyekuwa ndani, akichungulia kwenye tundu, alikuwa na nafuu kubwa kuliko aliyesimama nje penye uwanja mtupu. Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora walikwenda kumpiga mtemi Mirambo, naye Henry Morton Stanley akafuatana nao. Waliteka kijiji chenye boma, wakabeba nyara, wakaanza kurudi. Mirambo aliwavizia njiani, wakafa wengi majanini. Kila aliyeishi siku zile Unyanyembe aliondoka na somo moja: kifo kiko nje ya lango.

Pwani walikuwa wameshaonja mzinga kwa karne kadhaa, na huko pia ukuta uliheshimiwa. Fort Jesus ya Mombasa ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, pembe zake zikatokeza nje ili anayekuja kuubana ukuta asipate pa kujificha. Waomani walipoizingira Machi 1696 hawakuivunja. Walikaa hadi Desemba 1698, karibu miezi 33, na waliokuwa ndani walimalizwa na njaa na maradhi zaidi ya risasi. Sasa tazama ngome hiyohiyo Januari 1875. Akida Muhammad bin Abdallah alikuwa amemwasi Sultan Barghash wa Zanzibar na kujifungia humo. Manowari mbili za Kiingereza, Rifleman na Nassau, ziliipiga mizinga kutoka majini, na baada ya saa chache akida akasalimu amri. Ukuta ulikuwa uleule wa matumbawe, unene uleule. Aliyesimama mbele yake ndiye aliyebadilika.

Sina shaka habari hiyo ilifika bara, maana misafara ilibeba habari pamoja na bafta. Ila mtu wa bara alikuwa na sababu nzuri ya kutotetemeka. Manowari haipandi Ugogo. Mzinga mkubwa unataka magurudumu, magurudumu yanataka barabara na wanyama wa kuvuta, na mnyama akipita kwenye mapori ya mbung'o hufa. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni miezi ya kutembea, kila mzigo juu ya bega la mpagazi. Kwa hesabu hiyo, ukuta wa kwanza wa Isike ulikuwa umbali wenyewe, na ukuta huo haukujengwa na mtu.

Katika miaka ya 1880 mzinga ulijifunza kutembea kwa miguu. Hili ndilo jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka, nami nataka tulikalie. Kwetu sisi mzinga ulioua ngome ulikuwa mdogo. Ulifumuliwa, vipande vyake vikagawiwa wapagazi kama mizigo mingine, ukaunganishwa tena mbele ya lango. Kombora lake halikuwa tufe la chuma la kugonga na kudondoka. Lilikuwa na baruti tumboni, likapasuka lilipofika. Bunduki za askari zilipakiwa nyuma, kwa risasi iliyokwisha fungwa pamoja na baruti yake katika ganda la shaba, kwa hiyo askari aliweza kulala chini na kuendelea kupiga, jambo ambalo mwenye gobori hawezi. Na Hiram Maxim alikwisha kubuni, mwaka 1884, bombomu inayotumia mshtuko wa risasi iliyotoka kuingiza inayofuata, risasi mia sita kwa dakika moja. Mirambo alifariki mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1884. Alikufa akiwa ameelewa vita vya zama zake kuliko mtu yeyote wa bara. Miaka saba baadaye ujuzi wake wote ungemsaidia kidogo sana.

Hapa nawaomba vijana wasimame. Mnapouliza kwa nini watemi hawakununua silaha mpya, kumbukeni Brussels. Mwezi Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini mkataba katika mji huo. Ulihusu kukomesha biashara ya utumwa, na ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha: bunduki za kisasa zisiingizwe katika eneo kubwa la Afrika, ila magobori ya kizamani na baruti ya kawaida yaliweza kuendelea kuuzwa kwa masharti. Silaha za zamani ziliachwa mikononi mwa Waafrika na mpya zikabaki mikononi mwa waliotia saini. Mtu aliyefungiwa soko namna hiyo, akarudi kwenye udongo, mawe na magogo aliyonayo, mimi siwezi kumwita mjinga. Alijenga kwa kile alichoachiwa.

Isike aliwarudisha Wajerumani zaidi ya mara moja mwaka 1892. Ngome yake ilikuwa karibu na Tabora, imara, yenye watu waliozoea vita, na maofisa waliokuja kuijaribu waliondoka bila kuingia. Kisha Januari 1893 akaja Tom von Prince, na safari hii ngome ikaingiwa. Isike hakungoja kukamatwa. Aliiwasha baruti ghalani mwake, akalipuka pamoja na watu wa nyumba yake. Wazee walionilea hawakumwimba kama shujaa wala hawakumlaumu. Walisema tu kwamba alikuwa mtemi, na mtemi hatolewi nyumbani kwake na kamba shingoni.

Mkwawa nampima kwa namna nyingine, na ndugu zangu wa Iringa wanivumilie. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, watu wake waliuangamiza msafara wa Mjerumani Emil von Zelewski. Zelewski mwenyewe aliuawa, na Wahehe wakaondoka na bunduki karibu mia tatu na mizinga. Ushindi huo haukupatikana nyuma ya ukuta. Wahehe walilala majanini na nyuma ya mawe, adui akiwa njiani, mzinga wake ukiwa bado mzigo, nao wakamwingilia karibu mno hata bunduki yake ya masafa ikakosa maana. Kama kulikuwa na mtu Afrika Mashariki aliyegundua jinsi ya kuushinda mzinga unaotembea, ni Mkwawa siku ile. Hata hivyo alirudi ngomeni kwake Kalenga na kuutumainia ukuta wake wa mawe. Gavana Friedrich von Schele alipofika mwishoni mwa Oktoba 1894, ngome ilikuwa pana kuliko watu wa kuilinda kila upande. Tarehe 30 iliingiwa, pakapiganwa nyumba kwa nyumba, na Mkwawa akatoka.

Akaingia porini, na humo akapigana mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe. Ngome iliyomgharimu miaka ya jasho la watu ilimkinga siku tatu hivi. Mapori yalimkinga karibu miaka minne. Nimelitafakari hilo mara nyingi, nikijiuliza kwa nini mshindi wa Lugalo alirudi ukutani, na jibu ninaloliona ni kwamba Kalenga haikuwa silaha tu. Palikuwa baraza lake, hazina yake ya pembe, ghala lake la baruti, makao ya wakeze, mahali ambapo wajumbe wa machifu wadogo walikuja kupiga magoti. Angewezaje kuwaambia watu kwamba ukuta huo haufai, nao ndio ulioonyesha kwamba yeye ni Mkwawa? Zana mpya ya vita haiji kuvunja mawe peke yake. Inamdai mtawala aache sura aliyojijengea, na wachache sana duniani wamewahi kuweza hilo kabla ya kushindwa.

Kizazi kile nakilaumu kwa jambo moja, na ni zito. Kila mmoja alijenga ukuta wa kumkinga na jirani, na mgeni alipofika akaukuta ukuta huo umemfanyia nusu ya kazi. Mjerumani Hermann von Wissmann alipoishambulia ngome ya Sina pale Kibosho, Februari 1891, mashujaa wa Rindi wa Moshi walikuwa upande wake. Walimchukia Sina kwa miaka mingi, nao wakaona siku imefika. Merere wa Usangu alisimama na Wajerumani dhidi ya Mkwawa kwa sababu Wahehe walikwisha kumfukuza katika nchi yake. Namwelewa Rindi. Namwelewa na Merere. Lakini ngome tatu nne zilipigwa moja baada ya nyingine, kila moja huku nyingine zikitazama, na mara nyingine jirani ndiye aliyeonyesha njia ya kupita.

Sasa niende Ubelgiji, maana bila Ubelgiji hadithi hii haikamiliki.

Kati ya 1888 na mwanzoni mwa miaka ya 1890, miaka ileile ambayo kuta za Kalenga na za Unyanyembe zilikuwa zimesimama zikingoja, Wabelgiji walikuwa wakiuzungushia mji wa Liège ngome 12 za zege zenye vichwa vya chuma. Mchoraji wake, Henri Alexis Brialmont, alihesabiwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa ngome duniani. Kumbuka pia kwamba mkataba wa kuwafungia Waafrika bunduki ulitiwa saini katika mji mkuu wa nchi hiyohiyo, zege la Liège likiwa bado linamiminwa. Brialmont alikokotoa unene wa kuta zake kwa mizinga aliyoijua, ile ya sentimita 21. Zege lake halikuwa na nondo.

Agosti 1914 Wajerumani walileta mizinga ya sentimita 42 kutoka kiwanda cha Krupp, kombora moja likiwa na uzito wa karibu kilo 800. Halikupiga ukuta kwa mbele. Lilipanda juu angani likaanguka wima juu ya paa, kwa uzito ambao mjenzi hakuutarajia. Tarehe 15 Agosti kombora moja lilitoboa ngome ya Loncin na kufika kwenye ghala la baruti. Ngome ilipasuka kutoka ndani. Askari zaidi ya mia tatu walikufa, na wengi wao wamo chini ya vifusi hivyo hadi leo. Jenerali Gérard Leman, mkuu wa ulinzi wa mji, aliokotwa humo akiwa amezirai.

Miaka 21 ilikuwa imepita tangu ghala la Isike lilipuke. Kwake baruti iliwashwa kwa mkono wake mwenyewe; Loncin iliwashwa na kombora kutoka mbali. Lakini kosa ni la namna moja: wote wawili walijenga kwa kipimo cha silaha ya jana. Brialmont alikuwa na vyuo, viwanda, hazina ya taifa tajiri na uhuru wa kununua chochote sokoni. Isike alikuwa na udongo, magogo na magobori aliyoruhusiwa. Sijawahi kusikia mtu akisimulia habari za Loncin kwa huruma ile wanayotusimulia sisi. Wale wa Liège huitwa mashujaa waliomchelewesha adui. Basi na Isike aliyewarudisha maofisa wa Kaisari zaidi ya mara moja mwaka 1892 aitwe hivyohivyo, kwa kipimo hichohicho.

Jeshi la Ubelgiji lilifika Tabora lenyewe miaka miwili baada ya Loncin. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi yaliyoongozwa na Charles Tombeur, wengi wao askari wa Kongo, yaliingia mjini. Wajerumani walikuwa na boma kubwa hapo, lenye kuta nene, walilolijenga baada ya kumwondoa Isike. Hawakujifungia ndani yake. Kurt Wahle, mkuu wao, alipigana nje ya mji kwa siku kadhaa, kisha usiku akaondoa watu wake, akauacha mji na boma lake kama lilivyo. Katika muda wa miaka 23 walioangusha ngome za wengine walikuwa wamejifunza kutoitumainia yao wenyewe.

Haki inataka niseme kwamba ukuta haukufa siku moja. Tarehe 30 Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji, maelfu ya Wapogoro na Wambunga waliliendea boma la Wajerumani la Mahenge, na mabombomu mawili yaliyokuwa ndani yakawaua kwa mamia. Mbele ya asiye na mzinga, ukuta ulibaki ukuta. Mwezi huohuo boma la Liwale, lisilo na ulinzi kama ule, lilichomwa na wapiganaji. Baadaye wapiganaji wengi waliacha kukimbilia kuta na kuingia misituni, kama alivyofanya Mkwawa kabla yao.

Na hapo ndipo inapokuja sehemu ya habari hii inayonisumbua zaidi nikiwa mzee. Vita vilipotoka ukutani vilikwenda wapi? Viliingia shambani. Wajerumani, wakikosa ngome ya kupiga, walichoma vijiji na ghala za chakula na kuzuia watu wasilime. Mkwawa aliwindwa kwa kuwafanya wanaomlisha wafe njaa. Baada ya Maji Maji njaa ilifagia kusini yote. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 hadi 300,000, na wengi wao hawakushika silaha. Katika vita vya 1914 hadi 1918 majeshi ya pande zote yalihamahama katika nchi hii, yakila mtama wa watu, yakiwakamata wanaume kuwa wapagazi, na wapagazi waliokufa kwa kuhara na uchovu walikuwa wengi kuliko askari waliokufa kwa risasi. Mabingwa wa vita huandika kwamba mwendo ulichukua nafasi ya ukuta. Ni kweli. Ila mwendo huo ulipita juu ya mashamba yetu.

Ukienda Kwihara, nje kidogo ya Tabora, utaonyeshwa tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Ni jambo jema kwamba limetunzwa, nami huwahimiza walimu wawapeleke watoto. Wakifika wawaambie pia kwamba nyumba za udongo mzito kama ile zilijibu hatari ya moto na uvamizi, na zilijengwa na watu waliojua wanalolifanya. Kisha wawaonyeshe upande ilikokuwa ngome ya Isike, na wawape hesabu kamili: mwaka 1871, mwaka 1884, mkataba wa 1890, mwaka 1893, Loncin. Mtoto mwenye hesabu hiyo kichwani hatawaonea huruma ile isiyowastahili.

Bibi aliyenilea alikuwa mtoto wa mgongoni mwaka 1893, na mwaka 1916 alikuwa na watoto wake mwenyewe. Mara ya kwanza, kwa jinsi alivyosimuliwa na mama yake, watu walijua pa kukimbilia, na walijua vita vimeanza wapi na vimeishia wapi. Mara ya pili walikaa porini na watoto, wakirudi usiku kuchimba mihogo, bila kujua askari waliopita asubuhi ni wa nani wala watarudi lini. Ngome iliyoanguka aliililia mpaka uzeeni. Hakudai kwamba ingemshinda Mjerumani. Alikwisha kuona mizinga kwa macho yake. Aliililia kwa sababu Isike ndiye aliyekuwa wa mwisho kuweza kuwaambia watu wake: ingieni ndani.